Kiboksi cha dawa cha wiki: kinafaa kwa vidonge vya moyo, si kwa dawa za maumivu

Asiye na muda wa kusoma yote apate jibu mapema. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayemeza dawa za moyo au za presha kila siku, mnunulieni kile kiboksi kikubwa cha plastiki chenye vyumba 28, mkiache kile kidogo cha vyumba 7. Na dawa ya maumivu isiingie humo, hata kidonge kimoja. Mwenye muda, sababu zangu ziko hapa chini.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya magonjwa ya ndani hapa Tanga. Nyumbani namwangalia shangazi yangu, dada wa baba, mwenye presha ya miaka mingi, kile watu wanachokiita moyo mpana, na magoti yanayomsumbua usiku. Vidonge vyake vya kila siku ni enalaprili ya kushusha presha, karvediloli ya presha na moyo asubuhi na jioni, furosemidi ya kukojoa maji ya ziada ambayo kila mtu huiita Lasix, spironolaktoni ambayo nayo hutoa maji lakini hubakiza potasiamu, digoksini ya kuupa moyo nguvu, aspirini ya miligramu 75 ya kuzuia damu isigande, na atorvastatini ya kulalia, ya mafuta ya damu. Mtu wa miaka yake akikabidhiwa mfuko wenye pakiti saba na kuambiwa akumbuke ipi asubuhi na ipi jioni, atakosea siku moja tu, na siku hiyo ndiyo atakayoletwa kwetu. Ndiyo maana viboksi hivi nimevijaribu vyote viwili, kwake na kwa jirani zetu wawili watatu.

Kidogo ni kipande kimoja chenye vyumba 7 vilivyopangwa mstari, chumba kimoja kwa siku. Nilikipata kwa elfu nne. Kwa mtu wa kidonge kimoja cha presha cha amlodipini kila asubuhi kinatosha kabisa. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huhitaji saa 30 hadi 50 kutoka kwenye damu, kwa hiyo akiruka siku moja presha haipandi papo hapo. Hatari yake ni kusahau kimyakimya, leo na kesho na keshokutwa, huku mtu akijisikia mzima. Hapo kiboksi kinasema kweli: chumba cha jana kikiwa bado na kidonge, hakuna ubishi.

Kwa mtu wa dawa saba ni hatari, nami sikipendekezi. Chumba kimoja kinabeba dawa za kutwa nzima zikiwa zimechanganyika, na mzee akifungua anaona vidonge, anameza vyote. Karvediloli ya asubuhi na ya jioni zikiingia pamoja, na enalaprili juu yake, presha inashuka na mtu anaanguka akinyanyuka kitandani. Zikimezwa zote usiku, Lasix inaanza kazi mzee akiwa ameshalala. Dawa hiyo ya kumeza hufikia kilele ndani ya saa moja hadi mbili na huendelea kufanya kazi kwa saa kama sita. Sasa mtu mwenye magoti mabovu anakimbilia choo cha uani gizani. Nimewapokea wodini waliovunjika nyonga kwa safari za choo za namna hiyo, na ndugu wanasema ameteleza tu.

Kikubwa nilikipata kwa elfu kumi na tano. Ni trei yenye vipande saba vinavyochomoka, kila kipande siku moja, kila siku vyumba vinne: asubuhi, mchana, jioni, kulala. Huku kuchomoka ndiko nilikokipendea. Shangazi akienda Pangani kwa ndugu siku mbili, anabeba vipande viwili, vingine vinabaki kabatini. Maandishi yake ni ya Kiingereza, herufi za siku zimerudiwa, na wiki inaanza Jumapili. Shangazi anahesabu wiki kuanzia Jumamosi kama watu wote wa umri wake, basi nilibandika plasta nyeupe nikaandika kwa kalamu nene J1, J2, J3, J4, J5, Alh, Ij, nikapanga vipande upya. Kwa vyumba vya kutwa nilichora jua kwa asubuhi na mwezi kwa kulala. Hajauliza tena.

Mpango wetu uko hivi. Asubuhi baada ya chai: enalaprili, karvediloli, Lasix, spironolaktoni, digoksini, aspirini. Chumba cha mchana kitupu. Jioni pamoja na chakula: karvediloli, kwa kuwa chakula huipunguzia kasi ya kuingia kwenye damu na kizunguzungu kinakuwa kidogo. Kulala: atorvastatini. Aliyeandikiwa Lasix mara mbili kwa siku, ile ya pili iwe kwenye saa nane mchana, isisogee mpaka magharibi. Akiwa na safari ya basi kwenda Dar au anakwenda msibani ambako choo ni shida, mara nyingi saa ya Lasix inaweza kusogezwa hadi atakapofika, ila akubaliane hilo na kliniki yake kabla. Wengi huiacha kabisa siku ya safari, na kesho yake viatu haviingii miguuni. Mwezi wa Ramadhani kazi ya kiboksi ni nzuri zaidi, maana kipande kile kile kinageuzwa kuwa futari na daku, lakini mgeuzo huo upangwe na daktari wiki kadhaa kabla ya kufunga, na wengine wataambiwa wasifunge.

Digoksini nimeiruhusu iingie kwa sharti. Kifuniko cha asubuhi nimekibandika kipande cha plasta nyekundu, maana yake: kabla ya kufungua, mapigo ya moyo yahesabiwe dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, kidonge hicho hakimezwi na tunapiga simu kliniki. Dakika nzima, si robo dakika ukazidisha kwa nne, kwa sababu moyo wa namna yake hurukaruka na hesabu ya mkato inadanganya. Dozi inayotibu na dozi inayodhuru ziko karibu mno kwa dawa hii. Lasix ikimaliza potasiamu mwilini, digoksini huwa kali hata kama kidonge ni kile kile cha jana. Mzee akianza kukataa chakula, kutapika, au kusema taa zina rangi ya manjano, msimpe maji ya ndimu mkasubiri. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni kubwa kuliko zote: kiboksi kinavua dawa majina yake. Furosemidi ya miligramu 40 ni kidonge cheupe cha mviringo. Digoksini, cheupe cha mviringo. Enalaprili za baadhi ya viwanda, hivyo hivyo. Ndani ya pakiti unasoma jina, miligramu na tarehe ya kuisha. Ndani ya chumba cha plastiki unaona weupe tu. Wagonjwa wanaletwa mapokezi saa nane za usiku wakiwa hawajitambui, ndugu ananipa kiboksi kwa fahari kwamba dawa zote hizi hapa, nami siwezi kumwambia daktari ni nini kilichomo. Kwa hiyo kwetu kuna sheria: pakiti zote zinabaki kwenye bati moja kabatini mpaka dawa iishe, na chini ya trei kuna karatasi yenye jina la kila dawa, miligramu, saa na sababu ya kuitumia, pamoja na tarehe ya mwisho kubadilishwa. Nimeipiga picha pia na iko kwenye simu za watoto wake wote. Dozi ikibadilishwa kliniki, kiboksi chote kinamwagwa na kupangwa upya siku hiyo.

Kuna wanaokata foili kwa mkasi na kuweka kidonge kikiwa ndani ya kipande chake. Wazo si baya, jina linabaki na unyevu hauingii. Kwa mwenye macho mazuri, sawa. Kwa mzee asiyeona vizuri sikubali, maana wapo waliomeza kipande chenyewe, foili na ncha zake kali, kikawachana koo au utumbo.

Kasoro ya pili ni hewa yetu ya pwani. Vifuniko havizibi unyevu, na Tanga wakati wa masika hata chumvi mezani inalowa. Aspirini ndiyo ya kwanza kuonyesha. Ikikutana na unyevu huvunjika na kutoa asidi ile ile iliyo kwenye siki. Fungua chumba, nusa: ukisikia harufu ya siki, tupa, leta nyingine. Mimi najaza wiki moja tu, kamwe si mwezi, na trei inakaa kwenye kabati la chumbani, mbali na jiko, mbali na dirisha. Plastiki yake inapitisha mwanga, na nifedipini ya presha na furosemidi hazipendi mwanga. Juu ya friji, mahali ambapo nyumba nyingi huweka dawa, pana joto. Msiweke pia kile kipakiti cha kukausha unyevu ndani ya vyumba vya vidonge. Mzee atadhani nacho ni dawa.

Nitroglisarini, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, haiingii humu kwa hali yoyote. Nguvu yake hupotea nje ya chupa yake ya kioo, na kidonge kilichopoteza nguvu utakigundua siku ambayo huna nafasi ya kugundua. Chupa inakaa karibu na mwenyewe. Kifua kikibana: aketi kwanza, kwa sababu presha itashuka, kidonge kimoja chini ya ulimi bila kumeza, subirini dakika tano. Maumivu yakiwa bado hayajapungua, gari litafutwe wakati huo huo, na kidonge cha pili kiwekwe huku safari ikipangwa. Wanaume waulizwe bila aibu kama wametumia dawa za nguvu za kiume, sildenafili ndani ya saa 24 au tadalafili ndani ya saa 48, kwani zikikutana na nitroglisarini zinaweza kuangusha presha mpaka mtu akafa.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo naiacha nje. Kuna kijana jirani yetu aliyewekewa vali ya chuma moyoni, na dozi yake inabadilika kila baada ya kipimo cha kuganda kwa damu. Leo kidonge kimoja, wiki ijayo kimoja na nusu. Kiboksi kilichojazwa Jumamosi kinaweza kuwa kimepitwa na wakati Jumanne. Yeye ana daftari na pakiti yake, na mama yake anatia tiki kila jioni. Hilo linawatosha.

Nirudi kwenye chumba cha mchana, kile nilichosema ni kitupu, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Kitu kitupu kinatafutiwa kazi. Jioni moja nilimkuta shangazi miguu imejaa, kidole kikibonyeza kinaacha shimo, na mizani inaonyesha amepanda zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu. Dawa zote zilikuwa zimemezwa. Nikafungua vyumba vya siku zilizobaki, na kila chumba cha mchana kilikuwa na kidonge nisichokiweka mimi. Mjukuu mmoja aliyemhurumia alikuwa amenunua diklopa dukani, diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, akaipanga vizuri wiki nzima.

"Mwanangu, magoti yamepona kabisa," shangazi akaniambia. "Hii dawa mpya ndiyo yenyewe."

Nilimjibu, "Shangazi, magoti yamepona, moyo unazama."

Hakuna aliyemweleza yule kijana, naye alitenda kwa mapenzi. Basi nieleze hapa kwa ajili ya wajukuu wote. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali mwilini inayoleta uvimbe. Kemikali hiyo hiyo ndiyo inayoshikilia wazi mshipa unaoingiza damu kwenye figo. Ukiizuia, mlango wa kuingilia unabana. Enalaprili, kwa upande wake, inalegeza mlango wa kutokea. Lasix inapunguza maji yenyewe. Zikikutana tatu hizi kwa mtu mmoja, figo inakosa msukumo wa kuchuja, chumvi na maji vinarudi mwilini, Lasix inaonekana kama imekuwa maji ya bomba, na moyo uliochoka unabebeshwa mzigo upya. Potasiamu nayo inapanda, hasa akiwa anatumia spironolaktoni. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishasema wazi mwaka 2013 kwamba diklofenaki isipewe mtu mwenye moyo ulioshindwa kazi, aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi. Kabla ya hapo, mwaka 2004, kampuni ya Merck iliondoa sokoni duniani kote dawa yake ya maumivu Vioxx kwa sababu ya mashambulio ya moyo na viharusi. Si jambo jipya, ila halijafika kwenye madirisha ya maduka yetu, ambako diklofenaki inauzwa bila swali hata moja.

Ibuprofeni ina ubaya mwingine kwa wanaotumia aspirini ndogo ya moyo. Aspirini hiyo huzishika chembe za kugandisha damu na kuzizima kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10. Ibuprofeni ikitangulia, inakaa kwenye nafasi ile ile na aspirini inakuta mlango umefungwa. Mtu anameza kinga yake kila asubuhi na hapati kinga. Na vile vidonge vya kichwa vya dukani vinavyochanganya aspirini, parasetamoli na kafeini vinamwongezea aspirini asiyoijua, tumbo linaanza kutoa damu, choo kinakuwa cheusi kama lami.

Kwa magoti ya shangazi tunatumia parasetamoli ya kawaida: vidonge viwili vya miligramu 500, saa sita zipite kabla ya vingine, na kwa mtu mzima mwenye ini zima visizidi 8 kwa saa 24. Aliye mwembamba sana, chini ya kilo 50, au mwenye ugonjwa wa ini apangiwe kiasi kidogo zaidi. Pakiti yake inakaa peke yake na kijikaratasi cha kuandika saa. Hapo ndipo sababu ya kutoiweka kwenye kiboksi ilipo: dawa ya maumivu inaitwa na maumivu, haiitwi na saa. Ikipangwa chumbani itamezwa hata siku goti limetulia, na siku maumivu yakizidi mtu atachota chumba cha kesho. Pia nahitaji kujua amemeza mara ngapi. Akifikia vidonge vinane siku tatu mfululizo, hilo ni jambo la kumwambia daktari, na kiboksi kingelificha.

Msimnunulie parasetamoli ile ya kuchemka kwenye glasi ya maji. Kidonge kimoja cha aina hiyo kinaweza kubeba karibu miligramu 400 za sodiamu, sawa na gramu moja ya chumvi. Nane kwa siku ni gramu nane za chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima mwenye afya asifike gramu tano kwa vyakula vyote. Mnamnyima chumvi kwenye mchuzi, mnamrudishia kwenye glasi. Jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini ni afadhali zaidi ya kidonge, kwa kuwa inayoingia kwenye damu ni kidogo, nasi tunaitumia kwa siku chache chache baada ya daktari wake kukubali. Tramadoli, dawa kali zaidi ya maumivu, sikuitaka: usingizi, kizunguzungu na kufunga choo kwa mzee anayeamka usiku si biashara nzuri.

Tulipoziondoa zile diklopa na daktari akamwona kesho yake, miguu ilirudi taratibu. Chumba cha mchana sasa nimekiziba kwa plasta pande zote. Kijana mwenyewe ndiye anayejaza kiboksi kila Ijumaa jioni, nikimsimamia, akisoma jina la kila dawa kwa sauti kutoka kwenye pakiti. Anajua kuhesabu mapigo kuliko wanafunzi wangu wengine, na mizani ya kila asubuhi anaiandika yeye.

Mengine ni madogo. Vifuniko vya kikubwa vinalegea baada ya miezi kadhaa. Kimoja kilifunguka ndani ya mkoba kwenye bajaji na vidonge vikachanganyika na sarafu. Funga mpira wa kubana karatasi kila kipande kinachosafiri. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kabisa kabla ya kujaza. Karvediloli au spironolaktoni za nusu zinaacha unga, kwa hiyo kata ya wiki hiyo tu. Vidonge vyenye herufi kama SR, XL au LA visikatwe wala kusagwa ili vitoshe chumbani, maana vimetengenezwa kutoa dawa polepole na ukivivunja dozi ya kutwa inatoka kwa mkupuo. Na watoto: vifuniko hivi hufunguliwa na mtoto wa miaka miwili bila shida, na vidonge vichache tu vya amlodipini au digoksini vinaweza kumuua. Kabati liwe na kufuli.

Ukienda kununua, usichukue kilichofungwa kwenye nailoni ukaondoka. Nenda na mzee mwenyewe, au chukua vipimo vya vidole vyake kwa maana halisi: mwambie muuzaji afungue pakiti, mzee ajaribu vifuniko vyote vinne vya siku moja, kufungua na kufunga, hapo hapo kaunta. Kile cha kwanza nilichomnunulia shangazi kilikuwa kigumu, akawa anakifungua kwa meno. Nilikirudisha nikaongeza elfu mbili, nikapata chenye kitufe cha kubonyeza ubavuni.